Redio Koli Inayosikia Isiyosikika: Uzoefu Wangu na Fundi wa Mjini Arusha

Naandika nikiwa bado na hasira, na ninaona ni haki msomaji alijue hilo kabla hajaendelea. Kinachoniudhi ni kwamba fundi mwenye meza, vipimo na kibao cha rangi nje ya duka alipokea redio yangu, akakaa nayo siku nne, akanitoza shilingi 40,000, kisha akanirudishia akisema imekufa, ilhali haikuwa imekufa hata kidogo. Jina la duka silitaji. Aina ya redio pia siitaji, kwa sababu redio yenyewe haikuwa na kosa lolote na nisingependa mtu aidhanie vibaya.

Mimi ni dereva wa magari ya watalii hapa Arusha. Gari ni langu mwenyewe, Land Cruiser ya zamani, na redio koli iliyomo ni ya miaka ya tisini. Wanaofanya kazi hii wanajua kwa nini hatuachi redio hata leo ambapo kila mtu ana simu mfukoni: ukibonyeza mara moja, madereva wote walio karibu wanakusikia, bila kutafuta jina la mtu wala kusubiri apokee. Ndani ya kreta ya Ngorongoro, ambako ukuta wa mlima unakuzunguka pande zote kwa kimo cha takriban mita 600, redio ndiyo inayotuunganisha sisi tuliomo chini.

Mwishoni mwa masika niliteremka kwa barabara ya Seneto nikiwa na wageni wanne. Nilisikia wenzangu wakizungumza juu ya faru aliyeonekana upande wa msitu wa Lerai, nikabonyeza kuuliza amesimama wapi hasa, na hakuna aliyenijibu. Nikarudia. Wenzangu wakaendelea na mazungumzo yao kana kwamba sikuwepo. Hilo la faru lilipita, maana wageni walimwona hatimaye kwa mbali. Baadaye, tukiwa upande wa kinamasi cha Mandusi, nikamsikia dereva mmoja akiita kwamba gari lake limezama matopeni na anaomba mwenye mnyororo. Aliita mara tatu au nne. Mimi nilikuwa na mnyororo, na kwa jinsi alivyoeleza mahali alipo, sikuwa mbali naye hata dakika kumi. Nilimjibu kila alipoita: nimekupata, nakuja, usishuke. Hakuna neno hata moja lililotoka garini mwangu. Mara ya mwisho nilimsikia akisema kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, "Basi, naona leo niko peke yangu."

Nilipomfikia alikuwa ameshashuka na anachimba chini ya gurudumu kwa mikono, jambo ambalo kule chini limekatazwa, na kila dereva anaijua sababu yake. Hakukuwa na mnyama karibu, tukamvuta, tukaagana. Lakini sauti ile ya kukata tamaa nilirudi nayo Arusha, na ndiyo iliyonipeleka kwa fundi kesho yake asubuhi kabla hata sijaosha gari.

Duka liko katikati ya mji. Niliingia, nikasalimu, na kijana aliyekuwa kwenye meza, ambaye kwa umri ni sawa na mwanangu wa pili, hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Akasema, "Weka hapo, mzee." Nikamweleza kwamba redio inapokea vizuri kabisa ila haitoi sauti. Nikamuuliza kama aichukue pamoja na maiki yake, maana nilikuwa nimeing'oa redio na waya wake wa umeme na maiki nikiwa nayo mkononi. Akajibu, "Maiki ninazo. Acha redio na waya." Hakuuliza swali jingine lolote, na hilo naomba likumbukwe.

Niliambiwa nirudi baada ya siku mbili, kisha nikaambiwa nisubiri mbili nyingine. Siku ya nne aliisukuma redio juu ya kaunta kwa vidole viwili, akasema transista ya kurushia, yaani kile kipuri kinachoipa redio nguvu ya kurusha hewani, imeungua, vipuri vyake havipatikani tena, na pale dukani anazo redio mpya kama nataka. Nilipomwomba anionyeshe alivyopima, alicheka na kusema mbele ya wateja wengine wawili, "Mzee, hii ipeleke makumbusho pale Mnara wa Azimio, wataipenda." Halafu akadai shilingi 40,000 za uchunguzi. Nililipa. Nililipa kwa sababu sikuwa na elimu ya kubishana naye, na kwa sababu mtu akishachekwa mbele za watu hutamani tu kuondoka mahali pale.

Redio mpya si jambo la kuamua kwa siku moja. Mbali na bei yake, masafa tunayotumia yanahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kila redio inayoingizwa kwenye kundi lazima ipangiwe masafa yale yale pamoja na toni yake, yaani mlio wa chini unaozitambulisha redio za kundi moja, vinginevyo itakaa garini kama pambo. Kwa hiyo, kabla ya kukubali hasara hiyo, dereva mwenzangu alinielekeza kwa dada mmoja wa Kijenge mwenye kibanda kidogo, ambaye hutengeneza redio za magari na za lindo.

Nilipofika alinyanyuka kwenye kigoda chake. "Shikamoo baba. Karibu. Inasumbua nini?"

"Marahaba. Inasikia, lakini haisikiki."

"Ukibonyeza, taa nyekundu inawaka?"

Nilisimama nikafikiri. Nilikuwa sijawahi kuitazama. Nikamwambia sikumbuki, akasema hakuna neno, tutaiona sasa hivi, na akaniomba maiki. Ile ile iliyokataliwa mjini.

Hapa naomba nieleze kwa urefu, kwa sababu niliketi pale kwa muda wa karibu saa mbili na sikuwahi kufundishwa kitu kwa upole namna ile. Aliiunganisha redio kwenye kifaa chake cha umeme chenye mshale unaoonyesha kiasi cha umeme unaotumika. Ikiwa inasikiliza tu, mshale ulikaa chini ya ampea moja. Akabonyeza maiki yangu. Taa haikubadilika, mshale haukusogea, na mvumo wa spika haukukatika. Akanieleza kwamba redio ya gari ya wati 25 inaporusha hunywa ampea tano au sita, hivyo transista ingekuwa imeungua kweli, angalau taa ingewaka na spika ingenyamaza, kwa sababu redio ingekuwa imepokea amri ikashindwa kuitimiza. Hii yangu ilikuwa haijapata amri yenyewe. "Baba, hii haijakataa kusema," aliniambia. "Haijaambiwa iseme."

Akaifungua maiki, akaweka ncha moja ya mita yake kwenye swichi na nyingine kwenye mwisho wa waya. Kimya. Akaanza kuuvuta waya ule uliojiviringa kidogo kidogo huku kidole kikiwa kwenye kitufe, na alipoukunja pale shingoni, unapoingia kwenye maiki, mita ikalia pii, ikakatika, ikalia tena. Akachukua wembe, akaupasua mpira taratibu, akaniita nisogee. Ndani mlikuwa na nyaya nne au tano nyembamba, kila moja na rangi yake, na mmoja wao ulikuwa umebaki ganda tu. Shaba yake, nyuzi laini kama nywele za mtoto, ilikuwa imekatika yote, na ncha zake zimegeuka kijani kwa unyevu na vumbi la miaka mingi ya kuning'inizwa kwenye dashibodi. Alikata kipande kama cha vidole vitatu, akaufikia upande uliokuwa mzima, akazilehemu nyaya zote upya na kuifunga shingo ile kwa mpira unaosinyaa kwa moto.

Kabla ya kubonyeza tena aliunganisha nyuma ya redio kopo dogo lenye mapezi, ambalo alisema hushika nafasi ya antena wakati wa kupima, la omu 50, kwa kuwa kuirusha redio bila antena wala kitu cha kupokea nguvu yake ndiyo njia ya haraka ya kuiunguza transista hiyo hiyo. Kisha akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Mshale ukapanda ukapita tano. Mita ya wati ikasoma 22, na redio ndogo ya mkononi iliyokuwa rafuni ikatoa sauti ya dada mwenyewe akisema moja, mbili, tatu.

Wati 22, kutoka kwenye transista niliyoambiwa imeungua. Sikuweza kusema kitu kwa muda.

Haikuishia hapo, na kwa ajili ya haki inanipasa niseme yote. Tulipoiunganisha kwenye gari, mita ilionyesha sehemu kubwa ya nguvu ikirudi badala ya kwenda hewani. Maji yalikuwa yameingia kwenye kitako cha antena juu ya paa na kuuozesha waya wake. Akaubadilisha wote, akapima urefu wa ule ufito, ambao kwa masafa ya kama megahezi 150 hukaribia nusu mita, na mita ikatulia. Kwa hiyo hitilafu zilikuwa mbili, na hata kama yule wa mjini angeitengeneza maiki, bado ningesikika kwa shida nikiwa mbali.

Jambo hilo lilinifanya nifikiri upya. Katika rasimu yangu ya kwanza nilikuwa nimeandika kwamba yule kijana ni mwizi, na neno hilo nikalifuta. Alitumia maiki yake iliyo nzima, kwa hiyo redio yangu ingewaka taa mezani kwake na kurusha kama kawaida. Basi ama hakuipima kabisa kwa siku zote nne, ama aliipima, akaiona nzima, akaniambia ni mbovu ili aniuzie mpya. Hata hivyo iko njia ya tatu, na dada wa Kijenge ndiye aliyeisema bila mimi kumwuliza: kwamba redio nyingi zikikosa antena hujipunguzia nguvu zenyewe kwa kujilinda, na fundi mwenye haraka akisoma wati mbili tatu anaweza kudhani kwa dhati kabisa kwamba transista imekwenda. Nikasema moyoni, pengine ni haraka tu. Ni kijana, wateja ni wengi, nami huenda sikumweleza vya kutosha. Ningekuwa nimemalizia hapo, tathmini yangu ingesema kwamba ufundi wake ni mdogo na kauli yake mbaya, lakini kwa kazi ndogo ndogo watu wanaweza kumwendea.

Kisha dada aliuchukua waya wa umeme wa redio ili aufunge garini, akakifungua kishikio cha fyuzi ili akisugue kutu, akanyamaza. Akanigeuzia kiganja chake. Ndani ya kishikio hamkuwa na fyuzi. Kulikuwa na kipande cha waya wa shaba kilichosokotwa na kukunjwa pande zote mbili.

Fyuzi ile niliiweka mimi mwenyewe kwa mkono wangu mwaka huu, ya ampea 10, baada ya ile ya zamani kuingia kutu. Waya ule wa umeme niliuacha dukani kwake, na haukutoka huko ila siku ile ya nne. Nyaya za redio katika gari langu hutoka moja kwa moja kwenye betri, zikapita chini ya zulia, miguuni pa abiria wa mbele. Zikichubuka mahali popote zikagusa bodi, fyuzi hukatika na safari ikaendelea, lakini kile kipande cha shaba kisingekatika. Kingeachia umeme wote wa betri upite hadi waya uwe mwekundu chini ya zulia, na mimi nikiwa na familia ya watu ndani ya gari, katikati ya mbuga, ambako hatushuki ovyo. Labda aliichoma fyuzi yangu wakati wa kupima na hakuwa na nyingine karibu. Fyuzi ni mia chache tu za shilingi, naye alikuwa ameshika 40,000 zangu.

Kwa hiyo nairudisha hapa sehemu ya yale niliyoyafuta. Simwiti mwizi, kwa sababu sina ushahidi wa nia yake. Ila nasema waziwazi kwamba mtu yule hapaswi kushika waya wa umeme wa gari la mtu yeyote, na nawasihi madereva wenzangu mliowahi kupeleka redio mjini mfungue vishikio vya fyuzi leo hii mkatazame kilichomo.

Dada wa Kijenge alinitoza shilingi 35,000 kwa yote, pamoja na waya mpya wa antena, fyuzi, na skrubu mbili za mfuniko ambazo redio ilirudi bila kuwa nazo. Juma lililofuata nilikuwa tena ndani ya kreta, na nilipoita mara ya kwanza nikiwa bado kwenye kona za Seneto, sauti tatu zilinijibu kwa pamoja.

Kile kipande cha shaba nilikifunga kwenye karatasi nikakipeleka mjini, nikakiweka juu ya kaunta. Safari hii aliinua macho. Akasema niliileta hivyo hivyo. Nikamwomba 40,000 yangu kwa utaratibu, nikamwonyesha mita ilivyosoma, kwa maana dada alikuwa ameniandikia. Akaniambia nirudi Ijumaa, mwenye duka atakuwepo. Nimekwenda Ijumaa mbili, na mara zote mbili nimekuta mlango umerudishiwa nusu na mwanagenzi mdogo akiniambia kwamba wametoka.

Nitakwenda tena Ijumaa hii.