Redio za kuvusha intaneti bondeni: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Ukitaka kuvuta intaneti kutoka dukani Uyole hadi nyumbani ng'ambo ya bonde, muuzaji wa redio za kurushiana intaneti, moja kila upande, atakutajia kwanza nguvu ya kurusha. Usianzie hapo. Nguvu ya redio moja husaidia upande mmoja tu. Ile ya pili ikiwa dhaifu, majibu hayarudi. Antena nzuri husaidia kurusha na kupokea pia.

Tuseme ni kilomita 5 kwa masafa ya 5.5 GHz. Umbali peke yake unakula desibeli 121 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi). Ukirusha 20 dBm (nguvu ya mawimbi) na kila upande una antena ya 24.5 dBi (uwezo wa antena kukusanya mawimbi), unapokea karibu −52 dBm; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mawimbi ni dhaifu zaidi. Weka za 13 dBi, nguvu ileile, utapata −75. Karatasi ya redio huandika usikivu, yaani mawimbi dhaifu kabisa inayoweza kuyasikia, wa −96, lakini huo ni wa spidi ya chini kabisa. Spidi ya juu huanza kukatika karibu na −75. Lazima ubaki na akiba ya desibeli 10 hadi 15 juu ya hapo. Na nguvu ya kurusha yenyewe hushuka kadiri spidi inavyopanda, kwa hiyo soma jedwali lote, si namba kubwa ya juu ya boksi.

Ya kwanza kwetu ni Ubiquiti LiteBeam 5AC Gen2: 23 dBi, na mlango wake wa kebo ni wa gigabiti. Ya pili ni MikroTik LHG 5, 24.5 dBi. Inasikia vizuri sana, ila mlango wake unaishia megabiti 100, na leseni yake inaruhusu kuunganisha redio moja tu ng'ambo. Ya tatu, TP-Link CPE510 ya 13 dBi, inatosha chini ya kilomita 2. Za mwisho ni zile zisizo na jina zinazojisifia nguvu bila kuonyesha jedwali la usikivu, ziache dukani. Nunua mbili za aina moja.

Zikishafungwa, punguza nguvu hadi usome kati ya −50 na −60. Ikizidi −40, mpokeaji analemewa, spidi inashuka, na jirani unamjazia kelele.

Ukungu na mvua ya Tukuyu haviisumbui sana 5 GHz. Miti ndiyo adui. Katikati ya kilomita 5 unahitaji kama mita 5 za uwazi kuzunguka mstari wa kuonana, na mikaratusi ya Mafinga inakua haraka, basi funga nguzo ukihesabu urefu wa miti hiyo miaka ijayo. Radi nayo haina huruma: tumia kebo yenye ngao, na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) kwenye nguzo. Kabla ya kulipa, hakikisha adapta ya umeme imo na redio imeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.