Fulana ya kuzuia risasi daraja la IIIA: uzoefu wangu wa kusindikiza fedha Dodoma

Kazi yangu ni kusindikiza fedha, hapa Dodoma mjini na mara nyingine hadi Manyoni na Singida. Fulana tunayovaa ni ile laini ya Kevlar (nyuzi imara za kiwandani), daraja la IIIA, yaani la kuzuia risasi za bastola, kwa viwango vya NIJ, taasisi ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Walinzi wenzangu huniuliza: jambazi akikufyatulia akiwa mlangoni pa gari, itakuokoa? Inategemea ameshika nini.

Tulipoletewa mpya, moja ya zile za zamani zilizokwisha muda ilipelekwa kwenye zoezi la shabaha, polisi wakisimamia. Mkufunzi wetu, mwanajeshi mstaafu, aliifunga mbele ya udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri, akarudi nyuma hatua chache tu. Alianza na bastola ya milimita 9. Hakuna risasi iliyopita. Tulipopasua kitambaa kuitafuta moja, tuliikuta imepondeka na kutanuka kichwa kama uyoga, nyuzi zimevutika na kuizingira pande zote, na tabaka za nyuma hazina hata mchubuko. Ila udongo ulikuwa umebonyea, dole gumba linazama. Pale ndipo penye mbavu za mtu. NIJ wenyewe wanaruhusu udongo ubonyee hadi milimita 44, maana risasi isipopenya, kishindo chake bado kinaingia mwilini: mbavu zinaweza kuvunjika, pafu likavilia damu. Ukipigwa, hata usipoona tone la damu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Shotgun ya chembe nayo ilizuiwa. Kisha ikaja SMG, yaani bunduki ya AK-47 kama tunavyoiita hapa, na hapo tulinyamaza wote: risasi ilipita kana kwamba mbele yake hakuna kitu.

Wengi wanadhani fulana inashindwa kwa sababu mpigaji yuko karibu. Sivyo. Majaribio ya NIJ kwa risasi za bastola hufanywa kwa umbali wa mita 5 tu, na fulana inatakiwa izuie. Kinachoishinda ni aina ya risasi na kasi yake. Risasi zinazotumika kupima IIIA hazifiki mita 450 kwa sekunde. Ya SMG hutoka kwenye mtutu kwa takriban mita 715, tena ina ncha kali. Hata mpigaji akiwa mwisho wa uwanja wa mpira, IIIA haitoshi. Dawa yake ni mabamba magumu ya daraja la III au IV, ya kuchomeka mbele na nyuma. Ni mazito, na ya kauri yakiangushwa hupata nyufa, lakini kwa safari za barabara kuu nayataka, na nimemwambia hivyo msimamizi wangu.

Kisu pia kisikudanganye. Kitambaa cha kuzuia risasi hakikutengenezwa kwa ajili ya ncha ya kisu wala mkuki.

Kuhusu kuivaa: jua la Dodoma la Oktoba linaumiza, jasho linatiririka hadi kiunoni, na vumbi linajaa kwenye velkro mpaka haishiki tena. Naisugua kwa mswaki mkavu. Msiilegeze mikanda kwa ajili ya joto, jamani, kwani ikilegea ubavu unabaki wazi, na unapoinua mikono kulenga kwapa tayari liko wazi. Saizi ipimwe ukiwa umekaa ndani ya gari. Ikiwa ndefu inakusukuma koo kila tuta, na mwisho wake watu huivua na kuiweka miguuni. Jalada la nje ndilo la kufua. Paneli za ndani, zile zenye Kevlar, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, zikauke kivulini, maana jua na maji vinachosha Kevlar.

Ukiuziwa ya mtumba, soma lebo ya paneli yenyewe, si ya jalada: daraja, mwaka, na kitambaa. Ikiwa ina Zylon, iache. Nyuzi hizo zilikuja kuonekana kwamba huoza taratibu kwa joto na unyevu, na mwaka 2005 NIJ walitoa onyo kuhusu fulana zake. Kwa macho zinaonekana nzima kabisa.

Kwa lindo la mjini, ambako hofu kubwa ni bastola, yangu ninaiamini na siivui hadi fedha zimeshuka.