Jostiki ya ndege za vita: angalia kofia kwanza, vitufe baadaye

DM zangu siku hizi ni kilio kimoja tu. Dada nimenunua jostiki, DCS (gemu ya kurusha ndege za vita kwenye kompyuta) inafunguka, napaa fresh, ila nikikutana na adui anapotelea nyuma ya bega na simuoni tena mpaka natunguliwa. Mwingine yuko IL-2, mwingine War Thunder, magemu ya ndege vile vile, hadithi ile ile. Ukimuuliza aliichaguaje anakwambia ina vitufe 12 na taa inawaka.

Taa na idadi ya vitufe tuviache. Kitu ambacho hakuna anayekiangalia dukani ni kofia, yani kale kakitufe kalikokaa kichwani mwa mpini, ka kusukuma kwa kidole gumba pande zote, ndiko kanakokuwezesha kugeuza macho ndani ya ndege. Sasa fikiria, mkono huo huo unavuta mpini, kidole cha shahada kiko kwenye triga, halafu gumba ndio linatafuta adui. Kofia ikiwa ngumu na springi za mpini laini, kila ukichungulia kushoto mpini nao unalala kushoto, pua ya ndege inahama, risasi zinapita pembeni. Watu wanalaumu gemu, wanalaumu intaneti, kumbe ni gumba. Kipimo chake rahisi: shika mpini kwa vidole vitatu bila kukaza, sukuma kofia pande zote, mpini ukitikisika rudisha kabatini.

Na kofia moja haitoshi jamani. Chukua Su-25T, ile ndege inayokuja bure na DCS. Bila trimu, yani kuituliza ndege ili usiushikilie mpini muda wote, mkono utauma, maana ndege haikai sawa yenyewe. Trimu inataka kofia yake, kusogeza kamera ya Shkval ya kulenga kunataka sehemu yake, na macho nayo yanataka ya kwake. Utagawaje?

Ndio maana namba moja kwangu ni VKB Gladiator NXT EVO, na sifichi kwamba naipendelea. Ina kofia kadhaa, gumba linafika bila kuachia mpini, springi unabadilisha ukitaka nzito, mpini unazunguka kwa ajili ya usukani wa mkia na ukiwa na pedali za miguuni unaufunga, na sensa zake (vipima mwendo wa mpini) za kwenda mbele nyuma na pembeni hazigusani kwa hiyo hazisagiki. Ipo ya mkono wa kulia na ya kushoto. Namba mbili Thrustmaster Warthog, chuma kitupu, mpini umeigwa kutoka ndege ya vita A-10C, kofia nne, ila hauzunguki, kwa hiyo jiandae kununua na pedali na hapo mfuko unalia. Namba tatu T.16000M, sensa ya sumaku nzuri sana kwa bei yake, ila kofia moja tu, ndio imeishia hapo. Extreme 3D Pro na T.Flight Hotas X ni za kuanzia, kofia moja moja, sina la kuongeza.

Ukishanunua, usirushe kwanza. Ingia kwenye settings za DCS uangalie axis, yani mwendo gani wa kifaa unafanya kazi gani, maana ina tabia ya kukipa kila kifaa kazi ile ile, unakuta throto (mkono wa nguvu ya injini) na pedali nazo zinainua pua ya ndege. Kwenye kazi hiyo ya pua futa vingine vyote ubaki na mpini. Halafu upande wa macho, weka mtindo wa kuruka, ukisukuma kofia unaona nyuma papo hapo, ukiachia unarudi mbele. Ule wa kuteleza taratibu ni wa kupigia picha, kwenye vita unaachia kofia bado unaangalia bawa.

Kama bajeti imekubana, kuna opentrack, ya bure, programu inayotumia kamera ya laptop kufuata kichwa chako, ukigeuka na macho ndani ya gemu yanageuka. Washa taa usoni, na kwenye mkunjo, ule mchoro wa kupanga kichwa kikigeuka macho yageuke kiasi gani, acha katikati pawe bapa ili ukikohoa shabaha isicheze. Hapo hata kofia moja inapumua, unaipa trimu. TrackIR, kifaa cha kununua cha kufuata kichwa, ni laini zaidi ila ni hela nyingine.

Sasa wauzaji. Unamwomba jostiki anakuletea pedi ya PlayStation, ukikataa anakukasirikia! Dola ikipanda bei inapanda siku hiyo hiyo, ikishuka anakwambia mzigo huu ni wa zamani. Na vilivyotumika vinafungwa upya na gundi ya moto vinauzwa kama vipya. Nenda na laptop yako, chomeka, bonyeza Windows na R, andika joy.cpl, zungusha mpini uone ule msalaba unatulia katikati au unatetemeka, kisha bonyeza kofia pande zote. Akikwambia boksi halifunguliwi mpaka ulipe, mwachie boksi lake.