Ardhi ya gavana: Kenya na Tanzania

Waingereza waliacha sheria za ardhi za aina moja pande zote mbili za mpaka, ila kila nchi ikazirithi kwa njia yake.

Tanganyika, sheria ya 1923 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya gavana. Baada ya uhuru, nafasi ya gavana ikachukuliwa na Rais, basi. Sheria ya Ardhi ya 1999 bado inamtaja Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote. Mwenye hati ana haki ya kuitumia tu, kwa kawaida isiyozidi miaka 99. Haya yamo kwenye sheria ya kawaida: Bunge linaweza kuyabadili bila kugusa Katiba ya 1977.

Kenya mambo yalikuwa machungu zaidi. Sheria ya 1915 iliruhusu walowezi kupangishwa mashamba kwa miaka 999. Uhuru ulipokuja, sheria hiyo ilibadilishwa jina tu, na Rais akabaki na kalamu ya kugawa ardhi ya serikali. Ripoti ya 2004 ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilionyesha jinsi kalamu hiyo ilivyotumika vibaya. Ndiyo maana Katiba ya 2010 ina sura nzima ya ardhi: asiye raia hapati zaidi ya miaka 99, na ardhi ya umma inasimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi.

Kwangu, njia ya Kenya ina kinga imara zaidi, ingawa ilichelewa mno. Tanzania iliepuka mashamba ya miaka 999, lakini mwanakijiji bado anategemea busara ya ofisi moja.