Siri, Gemini na Bixby: Nani Anamsikia Mswahili?

Anayenunua simu janja siku hizi hununua pia msaidizi wa sauti, apende asipende. Siri yumo ndani ya iPhone, Bixby yumo ndani ya Galaxy za Samsung, na msaidizi wa Google, ambaye nafasi yake inachukuliwa hatua kwa hatua na Gemini wa kampuni hiyohiyo, yumo ndani ya karibu kila simu ya Android, zikiwemo Galaxy zenyewe. Matangazo huwashindanisha kwa wepesi wa kujibu maswali ya jumla, kwa Kiingereza, ndani ya chumba kisicho na kelele. Katika tathmini hii natumia kipimo kingine: msaidizi huyu anamfaa nini mtu anayeishi na kufanya kazi kwa Kiswahili, ambaye mikono yake imeshika usukani, mwiko au mtoto, na ambaye bando lake huisha kabla ya muda wake?

Kazi ya msaidizi wa sauti ina hatua mbili ambazo wauzaji huzizungumzia kana kwamba ni moja. Ya kwanza ni kusikia, yaani kuyageuza mawimbi ya sauti kuwa maneno na kuyaelewa. Ya pili ni kutenda, yaani kupiga simu, kutega kengele, kuwasha tochi, kutuma ujumbe au kuanzisha muziki. Kwa mzungumzaji wa Kiingereza hatua hizi zimeungana kiasi kwamba hazionekani kuwa mbili. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili zimetengana, na hukumu yangu yote inatoka hapo: anayetenda vizuri hasikii Kiswahili, na anayesikia Kiswahili bado hajakabidhiwa funguo zote za nyumba.

Siri ndiye mkongwe kati yao. Alianza kama programu ya kampuni ndogo iliyozaliwa na taasisi ya utafiti ya SRI International huko California. Apple ikainunua kampuni hiyo mwaka 2010, na Oktoba 2011 Siri akaingia sokoni ndani ya iPhone 4S. Tangu wakati huo amejifunza lugha nyingi, zikiwemo Kiarabu, Kituruki, Kimalei, Kithai na hata Kiingereza cha Afrika Kusini. Kiswahili hakimo. Wadenmaki, Wanorwei na Wafini, ambao hakuna taifa lao hata moja linalofikisha watu milioni saba, wanazungumza na Siri kwa lugha zao, ilhali lugha ambayo UNESCO inaikadiria kuwa na wazungumzaji zaidi ya milioni 200 bado inasubiri. Idadi ya wazungumzaji peke yake, kwa hiyo, haitoshi kuelezea orodha hiyo. Uwezo wa wateja kununua simu ghali unaielezea vizuri zaidi.

Mtumiaji aliye tayari kutoa amri kwa Kiingereza, hata hivyo, atamkuta Siri ni mtendaji mzuri wa mambo mafupi. Faida yake kubwa kwetu haitajwi sana katika tathmini za Ulaya na Marekani: tangu iOS 15, mfumo endeshi wa iPhone wa mwaka 2021, katika simu zenye chipu ya A12 au mpya zaidi, yaani kuanzia iPhone XS na XR, sauti huchakatwa ndani ya simu yenyewe, na baadhi ya amri hutekelezwa bila mtandao wowote. Kutega kengele, kuhesabu dakika za chakula jikoni na kufungua programu hakugusi bando. Abiria aliye ndani ya basi mahali ambapo minara ya simu imepotea bado anaweza kumwamuru Siri amwamshe baada ya nusu saa. Kwa nchi ambayo wengi hununua data kwa siku au kwa juma, sifa hiyo nina hakika ina thamani kuliko uwezo wa kutunga shairi.

Tatizo huanza kwenye majina. Msaidizi anayesikiliza kwa sikio la Kiingereza hutarajia majina yatamkwe Kiingereza, na orodha ya simu ya Mtanzania au Mkenya imejaa kina Mwanaisha, Nyamwihura, Wanjiku, Mama Zuhura na Fundi Bomba. Iwe ni Siri, Bixby au mwingine yeyote anayeendeshwa kwa Kiingereza, mtumiaji atalazimika ama kulipindisha jina la shangazi yake ama kutafuta njia ya kando. Njia hiyo ipo: iPhone ina nafasi ya kuandika jina la utani na namna jina linavyotamkwa, na pia inamruhusu mtumiaji kueleza nani ni mama yake, nani ni mke wake, nani ni kaka yake, ili aseme uhusiano badala ya jina. Ni kazi ya jioni moja ambayo hupunguza mabishano mengi, ingawa si haki kwamba anayetakiwa kuifanya ni mteja.

Upande wa akili mnemba, Siri anauzwa zaidi kwa ahadi kuliko kwa bidhaa. Juni 2024 Apple ilitangaza mfumo wake wa Apple Intelligence, ambao hauwezi kuendeshwa na simu iliyo chini ya iPhone 15 Pro. Desemba mwaka huohuo Siri akapewa uwezo wa kupeleka maswali magumu kwa ChatGPT. Machi 2025 kampuni ikakiri kwamba Siri mpya, anayejua mambo binafsi ya mtumiaji, atachelewa. Na Januari 2026 Apple na Google zikatangaza kwa pamoja kwamba mifumo ijayo ya Apple itajengwa juu ya mifumo ya Gemini. Habari hiyo ya mwisho inaweza kumpa moyo Mswahili, kwa kuwa Gemini anakijua Kiswahili. Lakini ikumbukwe kuwa swali lolote linaloelekezwa kwa Siri hupita kwanza katika sikio lake, na sikio hilo likiwa halikitambui Kiswahili, elimu iliyo nyuma yake haitufikii. Simu inunuliwe kwa yale inayoyafanya leo dukani.

Google ina historia ya namna nyingine. Agosti 2017 iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kugeuza sauti kuwa maandishi, pamoja na Kiamhari na lugha nyingine, na ikakiweka katika mafungu mawili, Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Tangu hapo yeyote mwenye kibodi ya Gboard katika simu ya Android ameweza kubonyeza alama ya kipaza sauti, kusema kwa Kiswahili, na kuyaona maneno yake yakiandikwa. Naona hii ndiyo huduma ya sauti yenye manufaa makubwa kuliko zote zinazotajwa katika tathmini hii, ingawa haiitwi msaidizi na haina jina la kike wala la kiume. Fundi aliye juu ya dari, mama lishe ambaye vidole vyake vina unga, na mzee ambaye macho yake hayaoni tena herufi ndogo, wote wanaweza kuandika ujumbe wa WhatsApp kwa kinywa, katika lugha yao. Kinachohitajika ni kuiongeza lugha hiyo katika mipangilio ya kibodi.

Ina mipaka yake, na mipaka hiyo ni ya mashine zote za aina hii. Kiswahili cha taarifa ya habari husikika vizuri kuliko cha kijiweni. Anayechanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, kama wafanyavyo vijana wa Nairobi na Dar es Salaam bila hata kufikiri, hupata maandishi yaliyovurugika. Na mzungumzaji wa Lubumbashi au Bujumbura anajikuta akichagua kati ya Kenya na Tanzania, mafungu mawili yasiyo yake. Mashine hujifunza kutokana na sauti ilizosikilizishwa, na sauti zetu zilizorekodiwa na kuwekwa wazi kwa watafiti ni chache. Ndiyo maana mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla, ambao mwaka 2021 ulipata fedha za kukusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa wazungumzaji wa kawaida, una umuhimu kuliko matangazo mengi ya simu mpya.

Sasa tuje kwa msaidizi mwenyewe. Msaidizi wa Google alitangazwa Mei 2016, na mwaka 2018 akapewa uwezo wa kusikia lugha mbili kwa pamoja bila kubadilishiwa mipangilio, uwezo ambao ungetufaa sana kama Kiswahili kingekuwemo katika lugha zilizochaguliwa. Hakikuwemo, wala hakikuwahi kuwa lugha kamili ya msaidizi huyo. Mlango ulifunguliwa kwa njia nyingine: Julai 2023 Google iliongeza Kiswahili katika mfumo wake wa mazungumzo uliokuwa ukiitwa Bard, na Februari 2024 ukabadilishwa jina kuwa Gemini na kupewa programu ya simu inayoweza kukaa mahali pa msaidizi wa zamani. Masharti yake ni mepesi, kwa kuwa simu yenye Android 10 na kumbukumbu ya RAM ya GB 2 inatosha, na simu za bei ya kawaida zinazojaa madukani Kariakoo zinayafikia.

Gemini anaelewa Kiswahili sanifu na hujibu kwa Kiswahili kinachosomeka. Mkulima anaweza kumuuliza namna ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi, mwanafunzi anaweza kumwomba amweleze usanisinuru kwa maneno mepesi, na wote watajibiwa kwa sentensi zilizonyooka. Lakini kujua si kutumika. Gemini alipotoka mara ya kwanza alikuwa na upungufu katika kazi za kila siku ambazo mtangulizi wake alizifanya kwa urahisi, kama vikumbusho na kuongoza muziki, na Google imekuwa ikiziongeza kidogo kidogo. Majibu yake pia ni marefu mno kwa masikio: maelezo ya aya nne yanafaa kusomwa, ila yakisomwa kwa sauti humchosha dereva. Anahitaji mtandao kwa karibu kila jambo. Na kama mifumo yote ya namna yake, anaweza kukosea kwa kujiamini, hivyo swali la dawa au la kisheria lisiishie kwake.

Liko jambo moja ambalo hakuna mtengenezaji wa simu anayelitaja, nalo ni saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua. Saa moja asubuhi ndiyo ile ambayo simu huandika 7:00, na saa kumi na mbili asubuhi ni 6:00. Kwa binadamu aliyekulia hapa hakuna utata wowote. Kwa mashine iliyosoma maandishi mengi zaidi ya lugha nyingine, amri ya kuamshwa saa kumi na moja alfajiri ina tafsiri mbili, ile ya kwetu ambayo ni 5:00, na ile ya kuhesabu namba tu ambayo ni 11:00, wakati daku imepita, basi la mkoani limeondoka na mwajiri ameshapiga simu. Hata neno la alfajiri linalopaswa kuondoa utata halina uhakika wa kuzingatiwa. Hili silo dogo, kwa sababu kutega kengele ni miongoni mwa kazi za msingi kabisa za msaidizi wa sauti. Mpaka kampuni hizi zitakapolishughulikia waziwazi, ushauri wangu ni mmoja kwa watumiaji wa simu zote: kengele itegwe kwa sauti, kisha namba iliyoandikwa kwenye kioo isomwe kwa macho kabla ya kulala.

Bixby hahitaji maneno mengi. Alitoka mwaka 2017 pamoja na Galaxy S8, akichukua nafasi ya S Voice wa mwaka 2012, na Samsung ilimwimarisha kwa kuinunua kampuni ya Viv, iliyoanzishwa na baadhi ya watu walewale waliomuunda Siri. Uhodari wake uko katika mipangilio ya simu yenyewe: kupunguza mwanga wa kioo, kufungua kamera na kupiga picha, kuwasha hali ya kuokoa chaji. Anasikia Kikorea, Kiingereza, Kichina na lugha chache za Ulaya, Kiswahili hakimo. Samsung yenyewe imeonyesha inakoelekea, kwa sababu kuanzia Galaxy S25 ya Januari 2025, kitufe cha pembeni kikibonyezwa kwa muda humwita Gemini badala ya Bixby. Tecno na Infinix, ndugu wa kampuni moja ya Transsion, nazo zina wasaidizi wao, Ella na Folax, lakini simu hizo huja na huduma za Google pia, na mnunuzi hapotezi kitu akianzia huko.

Kwa hiyo, anayetaka kuandika na kuuliza kwa Kiswahili achukue Android yoyote iliyo ndani ya uwezo wake, aweke Kiswahili katika kibodi, na amtumie Gemini kwa maswali akiwa na mtandao. Mwenye iPhone asiiuze kwa sababu hii: Siri abaki kwa amri fupi za Kiingereza, na programu ya Gemini, inayopatikana kwa iPhone tangu Novemba 2024, ikae kando kwa mazungumzo ya Kiswahili. Kununua simu kwa sababu ya Bixby sioni sababu.

Limebaki suala la nani mwingine anayesikiliza. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba wafanyakazi wa mikataba walikuwa wakisikiliza sehemu ya rekodi za watumiaji wa Siri na wa msaidizi wa Google ili kuboresha huduma. Apple iliomba radhi Agosti mwaka huo, na Januari 2025 ikakubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya Marekani iliyohusu rekodi za Siri, bila kukiri kosa. Simu zote mbili sasa zina mahali pa kufutia rekodi na pa kukatalia zisitumike, nako ni vizuri kutembelewa siku ileile simu inapowashwa. Mimi nimezima pia uwezo wa kuitwa kwa jina, ule unaokifanya kipaza sauti kisubiri mchana kutwa, na badala yake nabonyeza kitufe ninapokuwa na la kusema. Na shughuli za pesa za simu naziacha kwa vidole, kwani ndani ya daladala kiasi cha fedha na jina la mpokeaji vikitajwa kwa sauti husikiwa na kiti cha mbele na cha nyuma.