Hanna HI702: kipima shaba cha kununua kabla ya dawa yenyewe

Anayetaka kutibu samaki wapya wa maji chumvi kwa shaba huanza kwa kuuliza chupa ipi ni bora. Swali hilo linaweza kusubiri. Dawa za shaba Copper Power, Coppersafe na Cupramine zote huua vimelea zikifika kiwango chake na kubaki hapo, na zote huviacha vikipeta zikipungua kidogo tu. Pengo kati ya dozi isiyotibu na dozi inayomuumiza samaki ni jembamba na kwa macho halionekani. Ndiyo maana tathmini hii inaanza na kifaa cha kupimia, dawa zikifuata nyuma yake.

HI702 inaenea kiganjani, inatumia betri moja ya AAA, na inasoma kuanzia 0.00 hadi 5.00 mg/L (miligramu za shaba kwa lita) kwa hatua za 0.01. Unajaza kichupa chake mililita 10 za maji ya tangi, unakiingiza na kubonyeza kitufe ili kifaa kiyachukue maji hayo kama sifuri. Kisha unamimina pakiti moja ya unga, unatikisa taratibu mpaka uyeyuke, unarudisha kichupa na kushikilia kitufe mpaka kianze kuhesabu sekunde 45. Maji hugeuka zambarau, taa ya ndani hupima ukolezi wa rangi, na namba inatokea. Ukilinganisha na vipimo vya matone na kadi ya rangi, tofauti ni kubwa: kadi ya API inaruka kutoka 2 hadi 4, wakati Copper Power inatakiwa ikae kati ya 2.25 na 2.5. Kwa kadi hiyo unabahatisha tu.

Kifaa nacho si msahafu. Usahihi wake ni ±0.05 mg/L kujumlisha asilimia 5 ya kilichosomwa. Kikionyesha 2.25, shaba halisi inaweza kuwa popote kati ya 2.09 na 2.41. Kikionyesha 0.50, ni kati ya 0.43 na 0.57 hivi. Hesabu hii ina maana mbili. Kwanza, kwa Copper Power lenga 2.40 kwenye kioo cha kifaa, usilenge 2.25, ili hata kikikosea kwa kuzidisha usishuke mbali chini ya kiwango. Pili, kosa hilo ni takriban asilimia 7 kwenye dawa inayokaa juu ya 2, lakini ni asilimia 15 kwenye Cupramine inayolengwa 0.5. Kwa mtu anayeanza, hiyo peke yake inatosha kuchagua shaba ya kilati kama Copper Power, yaani iliyofungwa ndani ya kemikali nyingine na kuachiwa polepole. Samaki huivumilia vizuri zaidi, na kosa dogo la sindano halimwangushi mtu.

Namba za ajabu mara nyingi hutokana na mikono, kifaa kikiwa hakina kosa. Alama za vidole kwenye kichupa huzuia mwanga na kupandisha usomaji. Kifute kwa kitambaa laini kabla ya kila kubonyeza, hata kule kwa sifuri. Mapovu yaliyoganda ukutani hufanya hivyohivyo, kwa hiyo tikisa kwa kuzungusha, usikisukesuke kama chupa ya dawa ya kikohozi. Unga unaobaki kwenye kona ya pakiti hushusha namba: kata upande wote wa juu, kunja mdomo wa pakiti uwe kama mfereji, kisha gonga mpaka iwe tupu. Ukimaliza suuza papo hapo, kwa sababu mabaki ya zambarau yakikaukia ndani yataharibu sifuri ya kesho. Na namba ikikushangaza, rudia kipimo kabla hujagusa chupa ya dawa.

Kuna mtego mmoja mkubwa. Kifaa hakijui umetia shaba gani. Hukusomea shaba ya Copper Power na ya Cupramine kwa namba za aina moja, ila 2.25 ya Copper Power ni tiba na 2.25 ya Cupramine ni msiba. Andika jina la dawa kwenye utepe na uubandike juu ya tangi, na usichanganye chupa mbili hata siku moja. Angalia pia namba ya mfano unaponunua: HI747 nayo ni kipima shaba cha kampuni hiyohiyo, lakini inaishia chini ya 1 mg/L, kwa hiyo kwa shaba ya kilati haifai kitu.

Sasa dawa zenyewe. Tangi la karantini liwe tupu: kichungi cha sponji kilichokwisha kuzoea maji, hita, pampu ya hewa, na vipande vya mabomba ya plastiki vya kujifichia. Mawe ya matumbawe na mchanga wa chokaa hunyonya shaba, na kaboni huiondoa. Ukiviacha ndani utakuwa unatia dawa na namba haipandi. Taa ya UV izimwe. Pima ujazo wa maji, usipime tangi: tangi la sentimita 60 kwa 30 lenye maji ya kina cha sentimita 26 lina lita 47, si zile 54 alizokuambia muuzaji.

Cupramine maelekezo yake ni mililita 1 kwa kila lita 40, kusubiri saa 48, kisha kurudia dozi ileile ili ufike 0.5, na kukaa hapo siku 14. Kwa lita 47 ni mililita 1.2 kila mara, na sindano ndogo ya duka la dawa inatosha. Usiitie pamoja na Prime au dawa nyingine za kuondoa amonia: hubadilisha shaba kuwa aina yenye sumu kali zaidi, na samaki hufa huku namba ikionekana ya kawaida. Amonia ikipanda, badilisha maji.

Copper Power ipandishe kidogo kidogo kwa siku nne au tano, ukipima kila siku kabla ya kuongeza. Samaki wengi huacha kula shaba ikipanda ghafla. Akiacha kula, simama hapo ulipo mpaka arudi kula, ndipo uendelee. Ila akija tayari ana vumbi laini mwilini kama la dhahabu, anapumua mbiombio na kujipeleka kwenye mkondo wa pampu, huyo ana kimelea kiitwacho Amyloodinium, na siku tano hana. Fikisha kiwango ndani ya siku moja au mbili.

Ukishafika 2.40, adui ni ndoo. Ukitoa lita 10 kati ya 40 na kurudisha maji yasiyo na dawa, unashuka mpaka 1.80 na hesabu ya siku inaanza upya. Maji mapya yatiwe shaba kwanza kwenye ndoo, yapimwe, ndipo yaingie. Uvukizi nao hufanya kinyume: lita 2 zikipotea kwenye lita 40, 2.40 inakuwa 2.53. Piga mstari wa kalamu kwenye kioo na ujaze kwa maji yasiyo na chumvi mpaka hapo kila asubuhi.

Kwa nini shaba ikae kwenye kiwango hicho siku 14 au hata 30? Cryptocaryon, kimelea cha madoa meupe kama punje za chumvi, akiwa juu ya samaki hujificha chini ya ngozi, na akidondoka hujifungia ndani ya gamba chini ya tangi. Shaba haimfikii kote huko. Humkamata pale tu anapotoka kwenye gamba kutafuta samaki. Madoa kupotea siku ya nne au ya tano si kupona, ni kimelea kudondoka kwenda kuzaa. Njia ni mbili: siku 14 kwenye shaba kamili kisha kumhamishia samaki tangi jingine safi, au siku 30 kama atabaki palepale na magamba yake.

Shaba ina mipaka. Minyoo bapa ya ngozi na matamvua haiisikii. Hiyo ni kazi ya prazikwanteli, 2.5 mg/L, kurudiwa baada ya siku tano hadi saba, hewa ikiwa nyingi. Brooklynella, kimelea anayewaandama zaidi samaki wa anemone kwa ute mzito mweupe, naye haitibiki kwa shaba. Ukiona jicho lenye ukungu na samaki anayejikuna bila madoa, usipandishe namba ukidhani dawa ni ndogo.

Kwa wanaonunua samaki wa pwani yetu, usidhanie kwamba kwa kuwa amevuliwa karibu amekuja safi. Kenya husafirisha samaki wa mapambo nje, na kabla ya safari samaki wa wavuvi mbalimbali hukusanywa pamoja kwenye matangi. Hapo ndipo vimelea hupata karamu. Kangaja, na hasa yule wa buluu (Acanthurus leucosternon), ni wa kwanza kupata madoa. Huyo mwingize shabani hata akiwa anang'aa.

Gharama ya HI702 iko kwenye unga kuliko kwenye kifaa. Boksi la unga lina pakiti 25. Kupima kila siku wakati wa kupandisha, kisha siku moja baada ya nyingine hadi siku ya 30, pamoja na maji ya kubadilisha, kunakula zaidi ya pakiti ishirini. Boksi moja ni karantini moja. Huku kwetu bidhaa hizi mara nyingi huagizwa nje, kwa hiyo agiza maboksi mawili pamoja na kifaa, na usome tarehe ya mwisho ya matumizi kabla ya kulipa.

Hukumu: nunua, kama unatibu kwa shaba. Kitu kimoja tu usikiombe: ukimaliza tiba na kuondoa shaba kwa kaboni, usomaji wa 0.00 hauthibitishi kwamba tangi hilo linafaa kamba, konokono au matumbawe. Kosa lake la 0.05 linatosha kuficha shaba inayoweza kuwadhuru. Tangi, sponji na hita vilivyoonja shaba vipige alama, vibaki vya karantini.