Elden Ring: Nimekubali Kupigwa Ili Nipendeze

Nimecheza gemu la Elden Ring zaidi ya saa 200, na sitii chumvi nikisema sehemu kubwa ya muda huo nimeimalizia kwenye ukurasa wa mavazi. Dada yangu ni fundi cherehani. Cherehani yake iko chumba kimoja na televisheni, kwa hiyo kila ninachomvalisha mhusika wangu kinapita kwanza mbele ya macho ya mtu anayekula kwa kujua nguo. Basi uzoefu ninaoueleza hapa ni wa mavazi tu. Mabosi, yaani maadui wakubwa, ramani na muziki vimeshasifiwa vya kutosha.

Ugomvi wenyewe, kati ya kupendeza na kujikinga, anaujua kila aliyewahi kushika gemu la aina hii. Unaokota buti zenye namba nzuri za kinga, rangi yake ya matope. Unaokota kofia yenye namba nzuri zaidi, ina pembe. Saa tano baadaye umekuwa kama sanamu la kufukuzia ndege shambani, ila hufi ovyo. Gemu jingine, Cyberpunk 2077, lilipotoka Desemba 2020, nguo ndizo zilizobeba kinga, na mimi kwa uroho wa namba nikazunguka Night City, mji wa mle, na kaptula, fulana ya kuzuia risasi na kofia ya fundi ujenzi. Dada akauliza kama huyo kijana katoka kuibiwa. Septemba 2022 likaletwa kabati la nguo: unachagua mwonekano unaoutaka, namba za ulichovaa kweli zinabaki palepale. Mwaka uliofuata sasisho la 2.0 likaihamishia kinga kwenye vipandikizi vya mwilini, na nguo nyingi zikabaki kuwa pambo. World of Warcraft walikuwa na utaratibu wao wa kubadili sura ya deraya, yaani mavazi ya vita, tangu 2011.

Skyrim, ya 2011 pia, ina mlango wa nyuma ambao naupenda. Kinga ya deraya ina dari: ukifika 567, mapigo ya silaha yanapunguzwa kwa asilimia 80, na hapo ndipo mwisho. Ukijifunza uhunzi vizuri, hata deraya ya ngozi unaifikisha huko. Zaidi ya hapo namba inapanda kwa ajili ya macho yako tu, kwa hiyo chagua upendacho.

Elden Ring, iliyotoka Februari 2022, haina kabati la namna hiyo wala dari ya namna hiyo. Kilicho mwilini ndicho kinachokulinda, na deraya haiboreshwi kwa mhunzi kama silaha. Ulivyoiokota ndivyo itakavyokuwa hadi mwisho. Badala yake kuna mizani. Kila kipande kina uzito, pamoja na silaha na ngao, na mwili wako una uwezo wake wa kubeba. Ukiwa chini ya asilimia 30 ya uwezo huo, unabingirika kukwepa mapigo kama paka. Kutoka 30 hadi karibu 70 unabingirika kawaida. Ukigusa 70 unaanguka kama gunia la mchele lililosukumwa kutoka kwenye lori, na bosi anakusubiri uinuke. Ukivuka 100, hata kukimbia hakuna.

Halafu kuna kitu nitakiita uthabiti, yaani uwezo wa kupigwa bila kuyumba. Wachezaji wengi wanaitafuta namba 51, maana hapo mapigo mengi madogo hayakukatizi ukiwa umeinua upanga. Deraya nzito kabisa zinapunguza pigo la kawaida kwa theluthi moja hivi. Nguo nyepesi za kitambaa hazifiki hata nusu ya hapo. Sasa chukua hayo yote uyaweke kwenye mizani moja na joho unalolipenda.

Mimi nilikuwa nimelipenda vazi la Raging Wolf, lile la kwenye picha ya jalada la gemu. Hulipati mpaka ufike Leyndell, mji mkuu, kupitia kazi za watu wa Volcano Manor, na nilikuwa nimeshalingoja miezi. Nikalivaa nikiwa njiani kwenda kwa bosi Malenia. Uwezo wangu wa kubeba ulikuwa 72, kwa hiyo mpaka wangu wa asilimia 70 ni 50.4. Mzigo ukasoma 51.2. Nimezidi kwa sehemu nane za kumi! Nikatazama upanga: siuachi. Hirizi: siziachi. Nikavua glavu, mzigo ukashuka, nikaingia.

Dada akanyanyua macho kutoka kwenye sketi aliyokuwa anaipinda.

“Mdogo wangu, chuma mpaka kidevuni halafu mikono mitupu? Huyo anaenda vitani au anaenda kuosha vyombo?”

Nikamweleza habari ya asilimia 70. Akasikiliza vizuri kabisa, kama anavyowasikiliza wateja wanaotaka gauni la harusi kesho. Akasema basi vua kofia, kofia ndiyo inakufichia uso uliohangaika nao saa nzima kuutengeneza. Alikuwa na hoja. Nikarudisha glavu, nikavua kofia, mzigo ukakaa chini ya mstari. Kinga ya kichwa ikawa sifuri.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka Elden Ring iwekewe kabati la bure kama wenzake. Kwenye Cyberpunk ya sasa napendeza, lakini kupendeza huko hakunigharimu kitu, na nikibadilisha koti sikumbuki nilivaa lipi jana. Huku nakumbuka kila kipande, kwa sababu kila kimoja nilikilipia kwa kingine: leveli mbili nilizozipeleka kwenye ustahimilivu badala ya nguvu, hirizi ya kuongeza mashambulizi niliyoivua ili niweke ya kuongeza uwezo wa kubeba kwa asilimia 15. Ukimwona mtu amevaa deraya kamili na bado anabingirika vizuri, unajua amekata wapi. Na ukikutana na aliyeanza na Wretch, yule wa leveli 1 anayeingia duniani na rungu na kitambaa kiunoni, akaamua kubaki hivyohivyo mpaka mwisho, muamkie.

Lipo la ushonaji nalo, ambalo ndilo lililomfanya dada asogeze kiti. Limgrave, eneo la mwanzo la gemu, kuna kiumbe mdogo anaitwa Boc ambaye wamemgeuza kuwa mti. Unamsikia akilia njiani, unaupiga mti, anatoka. Ni fundi nguo aliyepoteza sindano yake. Sindano na vifaa vya kushonea viko kwenye pango la ufukweni, kwa wababe wawili waliomfukuza. Ukivipata, unaweza kurekebisha baadhi ya mavazi mwenyewe kwa runi 500, ndizo fedha za mle, mara nyingi ni kuondoa joho la mgongoni, na uzito unapungua kidogo. Ukijuta, unalirudisha.

“Bei moja kwa kila nguo?” dada akauliza. “Huyo atafunga duka.”

Sindano nilimrudishia Boc, na sijui kwa nini jambo hilo dogo lilinigusa kuliko hadithi ya miungu wote wa mle.

Yasiyonifurahisha nitayataja haraka. Hakuna rangi: joho likiwa jekundu ni jekundu milele. Hakuna pa kuhifadhi mavazi yaliyopangwa, kila ukibadilisha unapanga upya kipande kwa kipande. Na baadhi ya kofia zina faida unayoitaka huku sura yake huitaki. Kuna kinyago cheupe kinachoongeza nguvu za mapigo damu ya adui inapofumuka, namba tamu sana kwa mimi ninayetumia silaha za kumwaga damu, lakini nikikivaa nahisi nimefunika uso na sahani. Nilikivaa siku mbili nikakitupa sandukuni.

Kama unaanza, ushauri wangu ni usikimbilie deraya nzito mapema. Ongeza uhai kwanza, ndio unaokuokoa kuliko chuma, halafu ustahimilivu kidogokidogo kila vazi linapokuzidi uzito. Vaa unachokipenda mpaka mizani ikukatalie. Nyongeza ya Juni 2024 ina vipande vyake vya kukusanya vinavyopunguza maumivu na kuongeza mashambulizi humo ndani, na huko niliona nguo nyepesi zinavumilika zaidi nikishavikusanya vya kutosha.

Malenia aliniua mara 38 nikiwa kichwa wazi. Kila pigo lake likinipata anajiponya, na mara kadhaa nilibakiwa na kipande kidogo sana cha kumalizia, nikajua kabisa kwamba kofia ingeninunulia sekunde hiyo moja. Kofia ilikuwa sandukuni, nilikuwa naiona kila nikifungua ukurasa. Mara ya 39 alianguka. Nikageuka nimwonyeshe dada uso wa kijana wangu, safi, bila pembe wala kinyago. Hakuona. Alikuwa amefumba jicho moja, anatia uzi kwenye sindano.